Kasha la DVD za Paul Robeson: pa kuanzia, na kinachokosekana

Kasha hili la filamu za Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji mweusi wa Marekani, lilitolewa mwaka 2007 na kampuni ya Criterion ya Marekani kwa jina Paul Robeson: Portraits of the Artist. Lina diski 4, filamu 7 za kati ya 1925 na 1942, pamoja na filamu fupi ya dakika 29 kuhusu maisha yake, inayosimuliwa na Sidney Poitier. Anayetaka kumjua mwigizaji huyu hatapata mahali pazuri zaidi pa kumtazama, ila asianze na diski ya kwanza eti kwa kuwa ndiyo ya kwanza.

Anza na ya nne, The Proud Valley (1940). Robeson ni David, baharia asiye na kazi anayetembea katika mabonde ya wachimba makaa ya Wales. Kwaya ya wanaume inafanya mazoezi ghorofani. Yeye yuko barabarani chini, anaisikia, anaanza kuimba nayo. Besi yake inapanda hadi dirishani na mwalimu wa kwaya anatafuta ni nani. Dakika hizo chache zinaonyesha alichokuwa nacho kuliko maelezo yoyote. Mwisho wa filamu ulibadilishwa vita vilipoanza, na mshono unaonekana, lakini usiisuse kwa hilo.

Kisha rudi kwenye The Emperor Jones (1933). Huu ndio mlango wa jukwaani. Robeson alikuwa ameigiza tamthilia hiyo ya mwandishi Mmarekani Eugene O'Neill mjini New York mwaka 1924 na London mwaka 1925. Nusu ya kwanza ni nyongeza ya watengenezaji wa filamu. Subiri msituni: Jones, mfalme anayewakimbia watu wake, yuko peke yake, ngoma hazinyamazi, risasi zinamwishia moja moja, na anayebeba kila kitu ni Robeson kwa mwili na sauti. Nakala imekarabatiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, ila vipande vingine havikupatikana, kwa hiyo mrukomruko utakaouona hapa na pale si ubovu wa diski yako.

Body and Soul (1925) ni filamu bubu ya mwongozaji mweusi wa Marekani Oscar Micheaux, na ndiyo filamu ya kwanza ya Robeson. Anaigiza watu wawili: mhubiri tapeli anayewakamua waumini, na ndugu wa mhubiri huyo aliye mtu mwema. Angalia mabega. Mhubiri anayatanua, ndugu anayakunja, na unawatofautisha kabla hujaona uso. Muziki mpya ni wa Wycliffe Gordon. Itazame mara ya pili ukiwa umewasha ufafanuzi wa sauti wa Pearl Bowser, mtafiti wa filamu za Micheaux.

Sanders of the River (1935) inauma. Robeson alikuwa ameanza kusoma fonetiki na Kiswahili chuoni London mwaka 1934, akaikubali kazi hii akiamini ingeheshimu utamaduni wa Waafrika. Kilichotoka kiliusifu ukoloni wa Kiingereza, naye baadaye akaikana. Kati ya waigizaji wa ziada yumo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London wakati huo. Usiiruke: bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini alizidi kuwa mkali katika kuchagua kazi.

Jericho (1937) inampa heshima kubwa zaidi, ingawa hadithi ni nyepesi. Borderline (1930) ni ya majaribio, ngumu kuifuata. Iache ya mwisho. Katika Native Land (1942) haonekani, ni msimulizi na mwimbaji, na inafaa sana kwa anayefuatilia vyama vya wafanyakazi.

Upande wa vifaa, diski hizi ni za kanda ya 1, yaani Amerika Kaskazini. Deki iliyofungwa kwa kanda nyingine itazikataa, basi hakikisha yako inasoma kanda zote kabla ya kulipa. Picha ni ya 4:3. Televisheni pana ikiachwa ijaze kioo kizima, nyuso zinavimba. Badilisha mpangilio wa picha uwe 4:3, mistari myeusi ikae pembeni. Tena hizi ni DVD, si Blu-ray, kwa hiyo kwenye skrini kubwa sana ukungu wa picha utaonekana.

Pengo kubwa ni Othello, tamthilia ya Shakespeare. Aliiigiza London mwaka 1930, kisha Broadway, New York, kuanzia 1943 kwa maonyesho 296, na Stratford, Uingereza, mwaka 1959, mwaka mmoja baada ya kurudishiwa pasipoti aliyonyang'anywa mwaka 1950. Hakuna filamu ya onyesho zima. Show Boat (1936) nayo haimo, inauzwa peke yake. Kwa Othello, tafuta rekodi ya sauti iliyofanywa na kampuni ya Columbia pamoja na waigizaji wenzake wa Broadway, Uta Hagen na José Ferrer, na uisikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, maana spika ndogo za televisheni humeza besi yake.