Uanagenzi pacha wa umeme wa viwandani: maoni ya msimamizi wa matengenezo

Ukiniuliza kama kampuni yako iingie kwenye uanagenzi pacha, yaani mafunzo ya ufundi yanayogawanywa kati ya chuo na kiwanda, jibu langu ni ndiyo, ila soma hadi mwisho kabla ya kutia saini. Nasimamia matengenezo ya umeme kiwandani. Chuo cha ufundi stadi tunachoshirikiana nacho kilipobadili kozi yake ya umeme wa viwandani kilituita mezani tangu mwanzo, na sasa vijana wake wanagawa muda wao kati ya darasa na karakana yetu. Mpango huo ndio ninaoutolea maoni.

Ubora wake unaanzia kwa watu walioitwa. Mara nyingi chuo hualika mameneja, wanaketi ukumbini, wanapitisha mtaala uliokwisha kuandikwa, wanaondoka. Hapa walitumia njia ya DACUM, iliyobuniwa Kanada miaka ya 1960, ambayo huwaketisha pamoja wafanyakazi wazoefu na kuwataka waitaje kazi yao kipande kwa kipande. Kwa upande wetu alikwenda fundi wa zamu ya usiku, mtu ambaye mota ikikata saa tisa usiku hana wa kumpigia simu. Ndiyo maana kutafuta hitilafu kumepewa muda mwingi kuliko kufunga vifaa vipya, wakati mtaala wa zamani ulikugusa juu juu tu. Kusuka upya koili za mota kumepunguzwa, kwa hoja kwamba viwanda vingi hupeleka kazi hiyo nje. Nilipinga na bado napinga. Kijana aliyefungua mota iliyoungua, akaona vanishi inayokinga waya zake ilivyogeuka masizi, anaelewa rilei ya ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota inapozidiwa, ipo kwa ajili gani, na hataipandisha kiwango ovyo ili mradi mashine itembee.

Matunda niliyaona kwenye kazi ndogo kabisa. Mwanagenzi alitumwa kushughulikia kontakta, swichi ya sumaku inayowasha na kuzima mota, iliyokuwa ikinguruma. Alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli lake, ufunguo akautia mfukoni, akatundika kibao. Kisha akaijaribu mita yake kwenye chanzo anachojua kina umeme, akaja kupima fezi kwa fezi na kila fezi kwa ardhi, halafu akairudisha mita kwenye chanzo kile kile kuhakikisha haikufa katikati ya kazi. Hakuna aliyemsimamia. Akafungua, akakuta uchafu kwenye nyuso za sumaku, akasafisha, akarudisha. Nimewahi kupokea wahitimu wa mtaala wa zamani waliochora saketi ya sta-delta, ile ya kuwashia mota kubwa, bila kukosea waya hata moja, lakini mita mbovu ikiwaonyesha sifuri wanaamini hakuna umeme. Sifuri ya namna hiyo ndiyo inayoua mafundi, na kwa hili peke yake chuo kinastahili pongezi.

Sasa kasoro. Walimu wamebaki chuoni. Anayekuja kutembelea vijana husaini daftari la kazi ofisini na kuaga, haingii karakana. Matokeo yake kijana anarudi darasani kufundishwa vidhibiti vya mwendo wa mota na mtu ambaye hajawahi kusoma msimbo wa hitilafu kwenye kioo cha kifaa chenyewe. Simlaumu mwalimu. Hakuna aliyempa nafasi ya kuja kufanya kazi nasi, na ratiba yake haimruhusu. Daftari lenyewe nalo lina visanduku vya kuweka alama tu: amefanya au hajafanya. Kama alifanya peke yake au alishika tochi huku mwingine akifanya, halisemi.

Na sisi waajiri tuna yetu. Kuna kampuni zinazowapa wanagenzi ufagio na kazi za stoo tangu wanaingia hadi wanatoka. Nyingine zinataka kijana ajifunze mashine yao moja tu, asiweze kuajiriwa kwingine. Kushirikisha viwanda hakumaanishi kuviachia usukani. Ujerumani, ambako sheria ya mafunzo ya ufundi ilipitishwa mwaka 1969, mwanagenzi ana mkataba na kampuni, analipwa posho, na kwa kawaida hushinda kazini siku tatu au nne za wiki. Hata hivyo kampuni haijiamulii cha kufundisha: kila fani ina kanuni moja kwa nchi nzima, na jopo la mtihani lina wawakilishi wa waajiri, wa wafanyakazi, pamoja na walimu. Katika mpango wetu mtihani bado unatungwa na kusahihishwa na chuo peke yake, na hapo ndipo ninapoona mageuzi yameishia njiani. Mafundi waliosema kazi inahitaji nini hawaulizwi kama kijana anaiweza.

Chuo kimeomba tuongeze nafasi msimu ujao. Tumekubali kwa masharti mawili. Mwalimu wa fani aje kufanya kazi nasi kiwanda kinaposimama kwa matengenezo makubwa, na fundi wetu awe na kiti na kura kwenye jopo la mtihani wa vitendo. La kwanza wamelipokea vizuri na tunapanga tarehe. La pili bado tunavutana, na ningefurahi kampuni nyingine zinazopokea vijana wa chuo hicho zikilidai pia.