Uzoefu wangu na dadu za picha: nzuri sana, ila usirushe zote tisa

Dadu za picha nazitumia kwa kazi mbili: kuandika hadithi fupi, na kuendesha ile michezo ya kuigiza mezani ambayo kila mchezaji anabeba mhusika wake na mmoja wetu anakuwa mwendesha mchezo. Mwendesha mchezo mara nyingi ni mimi. Kwa ambaye hajaziona, ni kiboksi chenye dadu tisa, na mahali pa nukta pana vichoro: ufunguo, mnara, samaki, saa, radi, mtu anayekimbia. Pande sita mara tisa, picha 54. Unarusha, unatazama zilizokaa juu, unasimulia.

Maelekezo ya kwenye boksi langu yanataka urushe zote tisa na uzitie zote katika hadithi moja. Kwa watoto ni sawa, wanacheka na muda unakwenda. Kwa anayetaka kuandika, hapo ndipo kifaa kinapoharibika. Ukikabiliwa na picha tisa, akili inaacha kubuni na kuanza kuunga viraka: akaokota ufunguo, kisha akamwona samaki, kisha saa ikalia, kisha radi ikapiga. Kisha, kisha, kisha. Hakuna anayetaka kujua kinachofuata, hata msimuliaji mwenyewe.

Mimi huchomoa tatu bila kuangalia na kurusha hizo tu. Usiogope kwamba utaishiwa: ukichagua dadu tatu kati ya tisa kisha ukazirusha, mchanganyiko wa picha unaoweza kupatikana ni 18,144. Wala sitafuti hadithi ndani ya picha zenyewe. Natafuta picha mbili zisizopatana, halafu nauliza kwa nini ziko sehemu moja. Na jibu la kwanza nalitupa, kwa sababu jibu la kwanza kila mtu analo.

Mfano. Wachezaji wangu waliacha njia niliyoiandaa wakaelekea kwenye kivuko ambacho kwenye ramani yangu kilikuwa jina tupu. Nikarusha mbele yao: mzinga wa nyuki, ngazi, mtu aliyelala. Jibu la kwanza, mlinzi kalala. Aa, walinzi wa michezo hii wanalala kupita kiasi. Nikajiuliza badala yake: ni nani pale asiyetakiwa kuamshwa? Ndipo akatokea mama mwenye kivuko, anayefuga nyuki darini, na mumewe mgonjwa kalala chini yao. Nyuki wametulia maadamu mzee kalala. Akishtuka tu, wanatoka wote. Kwa hiyo nauli ya kuvuka ilibidi ijadiliwe kwa kunong'ona. Kijana mmoja mezani kwetu, ambaye jibu lake kwa kila swali ni upanga, alijikuta anapanda ile ngazi kwa ncha za vidole, na mimi nikasema tu, "Kipandio cha tatu kinalia." Meza nzima ikashika pumzi. Hakuna silaha iliyochomolewa usiku ule, na mama wa kivuko wakawa wanamrudia kila walipokwama.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba waliona hata mimi sijui nini kinakuja. Mwendesha mchezo akishangaa pamoja na wachezaji, wanaacha kutafuta "jibu analolitaka yeye" na wanaanza kucheza.

Wazo la kuiachia bahati ichangie hadithi si geni. Dungeons & Dragons, mmoja wa michezo hiyo ya kuigiza mezani, ilipotoka mwaka 1974 ilikuja na majedwali ya kurushia dadu ili kujua ni kiumbe gani mmekutana naye njiani. Mwaka 1975 mwanamuziki Brian Eno na mchoraji Peter Schmidt walitoa Oblique Strategies, kadi zenye maneno mafupi ya kumkwamua msanii. Nimejaribu njia zote hizo. Jedwali linakupa jibu kamili, nalo ni jibu la aliyeliandika. Kadi zinakuagiza, na mimi nikiagizwa naanza ubishi. Picha haisemi chochote, ndiyo maana inaniachia kazi. Kwenye seti yangu kuna mchoro ambao sijui kama ni kiti cha enzi au jino; mara nyingine naona kaburi. Huo ndio bora kuliko yote.

Kwenye uandishi natumia dadu kwa uchoyo zaidi: moja tu, pale tukio linapokwama. Nilikuwa na ndugu wawili wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao, na mazungumzo yao yalikuwa makavu kama hati ya mahakama. Ikaja saa. Nikamvalisha mdogo mtu saa ya baba, kisha nikamkataza kila mmoja kuitaja. Ugomvi uleule, maneno karibu yaleyale, lakini sasa mkubwa hakosi kuutazama ule mkono.

Hamu ya kuandika, je? Hapo nisikudanganye. Dadu zinakuvusha kwenye ukurasa mtupu, basi. Ule uvivu wa katikati ya hadithi, pale mwanzo umeshapoa na mwisho hauonekani, haziuwezi. Huko mimi husaidiwa na kujua kuwa kuna watu wanasubiri kuja kukaa mezani, na kwa hadithi fupi, rafiki anayeuliza, "Yule mdogo mtu aliishia wapi?"

Dosari zipo. Kwenye seti niliyonayo picha zimepakwa juu juu, hazikuchongwa, na pembe zilianza kufifia mapema. Dadu ni ndogo. Mwanga ukiwa hafifu, aliyekaa upande wa pili haoni kitu. Halafu mazoea: baada ya muda, kila nikiona mnara tayari kuna mfungwa ndani yake. Dadu iliyofikia hapo naiweka kando kwa kipindi.

Nilijaribu pia programu ya simu inayofanya kazi hiyohiyo. Picha ni safi na ni nyingi kuliko za boksini, lakini kidole hakitulii. Picha ngumu ikija unabonyeza tena, na tena, mpaka ije unayoipenda, na unayoipenda ndiyo uliyokuwa nayo kichwani tangu mwanzo. Dadu iliyoanguka mezani mbele ya watu wanne huwezi kuikana.

Ukinunua, anza na seti moja ya kawaida. Za nyongeza, zile zenye mada kama anga za mbali au wanyama, zinakuamulia aina ya hadithi kabla hujarusha. Nilinunua ya anga za mbali, na dadu ninazozipenda humo ni zile chache zisizo na roketi.