Maswali ya Bungeni kwa Wizara: huduma ya bure ambayo wakazi wa Tanga tunaitumia nusu

Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba inalipatia Bunge mamlaka ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote la umma lililo chini ya wajibu wake. Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi mapema, wizara ikaandaa jibu. Kisha swali na jibu huchapishwa kwenye Taarifa Rasmi (Hansard, kumbukumbu za yaliyosemwa bungeni), bure, kwenye tovuti ya Bunge.

Nguvu yake ni kumbukumbu. Udhaifu ni namna maswali yanavyotungwa. Chukua barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo. Ukiuliza "Je, ni lini Serikali itakamilisha?" unamfungulia Naibu Waziri mlango wa "kadiri fedha zitakavyopatikana", na hapo huna cha kumdai. Swali linalobana huuliza kipande gani, mkataba ulisainiwa lini, kiasi gani kimetengwa mwaka huu wa fedha na kiasi gani kimeshatolewa. Kutengwa na kutolewa ni vitu viwili! Swali la nyongeza, lile linaloulizwa kwa mdomo baada ya jibu la msingi, ndipo tarakimu hizo hubanwa, kwa hiyo lisipotezwe kwa shukrani.

Kusoma Taarifa Rasmi kunataka subira: faili moja ni kikao kizima, kurasa nyingi. Tafuta neno "Pangani" au "Chongoleani" ndani ya faili, nakili tarehe ya kikao na namba ya swali, kisha linganisha jibu na hotuba ya bajeti ya wizara hiyo.

Wavuvi wa eneo la Deep Sea, Tanga mjini, na wakulima wa mkonge wa Korogwe wapeleke maswali yaliyoandikwa hivyo ofisi ya mbunge kabla ya Aprili, Bunge la bajeti linapoanza.