Vifaranga vya sato "dume tupu" Bagamoyo: nyota 4 kwa bwawa la mwinukoni, 1 kwa bonde la Ruvu

Kwa ukuaji, vifaranga hivi vinavyouzwa kwenye mifuko ya oksijeni havina mpinzani katika maji baridi. Jike hutamia mayai mdomoni na siku hizo halili, kwa hiyo bwawa la madume hufikia ukubwa wa kuuza karibu kwa pamoja.

Tatizo ni maneno ya muuzaji, kwamba hata wakitoroka hawana madhara kwa kuwa hawazaliani. Bwawani sawa. Mtoni kuna majike tayari! Ruvu na Wami ni makao ya perege wa asili, Oreochromis urolepis, na dume la sato, Oreochromis niloticus, hupandana nao bila shida. Vifaranga hivi hufanywa madume kwa kulishwa homoni, lakini dume lililogeuzwa hivyo lina mbegu hai, na chotara wake nao huzaa. Juu ya hapo sato hugombea chakula kilekile na sehemu za kina kifupi za kuchimbia viota. Masika yakifurika tuta, wanaotoka ni hao hao madume.

Hata hivyo majike hayakosekani miongoni mwa vifaranga hivi. Homoni huchanganywa kwenye chakula wiki 3 hadi 4 za mwanzo. Vifaranga vikichelewa kuanzishiwa, au vikijitafutia chakula kingine, baadhi hubaki majike. Wakifika gramu 30 hivi, geuza samaki tumbo juu: dume lina matundu mawili, jike matatu. Majike yaende jikoni, yasirudishwe mtoni.

Siku ya kupokea, elesha mfuko bwawani dakika 15 hadi 20, kisha ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo. Pandikiza 2 au 3 kwa mita ya mraba. Bomba la kutolea maji lifungwe chujio la matundu ya milimita 1 au 2, na lisafishwe kila siku, kwani likiziba maji hupanda na kupita juu ya tuta.

Ukiona mkia una mistari ya wima iliyopangika, huyo ni sato. Dume la perege wa asili wakati wa kuzaa huwa jeusi, kingo za mapezi nyekundu.

Mwenye bwawa la maji ya chumvichumvi karibu na mikoko asinunue kabisa: chumvi ikizidi sato hudumaa, wakati perege wa hapa huivumilia vizuri.