Vitoto vya mbuzi na kuku: banda moja au mawili?

Banda moja linavutia, hasa kwa mwenye eneo dogo: paa moja, mlango mmoja wa kufunga usiku, na kuku hudonoa kupe na viluwiluwi vya nzi. Tatizo kubwa ni chakula. Mbuzi mdogo akiifikia mashi ya kuku, yaani chakula chao cha nafaka iliyosagwa, hula mpaka tumbo lijae nafaka. Tumbo huchachuka, hufura, na anaweza kufa kabla hujamwita mtaalamu wa mifugo. Kuku nao hulala juu ya hori, wakachafua majani na maji kwa kinyesi kinachoweza kuwa na bakteria wa salmonela, nacho kitoto kinachonyonya hulamba kila kitu.

Wengi huogopa kuhara damu kwa kuku kuhamia kwa mbuzi. Hapana: koksidia, vijidudu vinavyoleta ugonjwa huo, vya kuku havimshiki mbuzi, wala vya mbuzi havimshiki kuku. Ila unyevu na msongamano huvizalisha vya pande zote mbili.

Mabanda mawili yana gharama ya mbao na mabati. Lakini la mbuzi unaweza kuliinua juu ya nguzo, sakafu ya chaga yenye nafasi ndogo zisizonasa kwato, kinyesi kidondoke chini; kuku wabaki na maranda yao makavu.

Mimi nachagua mawili. Kama fedha haitoshi, weka ukuta wa wavu katikati, na chakula cha kuku kikae upande ambao kitoto hakipenyi. Mchana waachie wachangamane uwanjani, mashi ikiwa imefungiwa.