Hedifoni zangu hazikuwa mbovu, amplifaya ndiyo haikuzifaa

Wiki mbili za mwanzo na Sennheiser HD 650 nilikuwa na majuto matupu. Nilizichomeka kwenye simu kwa kile kiwaya cha adapta, nikaweka bongo fleva, nikatabasamu. Kisha nikaweka simfonia. Fidla zilikuwa mbali, kama zinapigwa nyumba ya pili, nami nimeshapandisha sauti hadi mwisho. Nilimuuliza aliyeniuzia, akaniambia eti zinahitaji kuzoeshwa kwa saa mia mbili. Nikazizoesha usiku na mchana. Hazikubadilika hata chembe.

Jibu lilikuwa kwenye karatasi ya vipimo niliyokuwa nimeitupia jicho mara moja tu. HD 650 zina ukinzani, yaani kiasi cha kuuzuia umeme, wa omu 300, na zikipewa volti 1 hutoa desibeli 103. Adapta yangu, ambayo ndiyo iliyokuwa amplifaya yangu wakati huo, ilikuwa ya nusu volti, kwa hiyo kilele chake kilikuwa desibeli 97. Kwa bongo fleva na hip hop hiyo ni sauti kubwa, maana nyimbo hizo hubanwa sana studio na wastani wake hukaa karibu kabisa na kilele, pengine desibeli 8 au 10 chini yake. Okestra haibanwi hivyo. Wastani wake huweza kuwa desibeli 20 chini ya kilele, na filimbi inapobaki peke yake inashuka 20 nyingine. Piga hesabu: filimbi inanifikia kwa desibeli 57, tena kwenye hedifoni zilizo wazi nyuma ambazo hazizuii hata mvumo wa feni. Ndiyo maana nasema aina ya muziki inaingia kwenye hesabu ya amplifaya mapema kuliko watu wanavyodhani. Kila desibeli 10 unazoongeza zinataka nguvu mara 10.

Nikatafuta amplifaya mbili za mezani. Ya kwanza ni ya transista, kiboksi kisicho na mvuto wowote, ukinzani wake wa kutolea sauti, ule unaokutana na hedifoni, haufiki omu 1. Ya pili ni ya vali, zile taa za kioo za redio za zamani, isiyo na transfoma ya kutolea sauti, ukinzani wake omu 120. Hii ya pili ni nzuri kuitazama. Vali zikiwaka gizani unatamani kukaa nayo tu.

Kabla sijatoa hukumu nililinganisha viwango, kwa sababu sikio humpendelea anayepiga kelele zaidi. Nilicheza mlio mmoja wa hezi 400, hedifoni zimechomekwa lakini ziko mezani, si kichwani, nikagusisha ncha za mita ya umeme kwenye plagi na kuzungusha kitufe mpaka kila amplifaya ikasoma milivolti 300. Nilichagua hezi 400 kwa kuwa mita za kawaida zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa ukutani, na mlio ukipanda sana usomaji wake hauaminiki. Jambo hili lilinichukua dakika kumi na likaniokoa na maoni mengi ya uongo, mengine ya kwangu mwenyewe.

Tofauti ilikuwepo, na ina sababu. Ukinzani wa HD 650 si omu 300 kila mahali. Kwenye besi, kabla kidogo ya hezi 100, unapanda hadi karibu omu 500. Amplifaya yenye omu 120 inagawana volti na hedifoni, na mwenye ukinzani mkubwa hupata fungu kubwa: pale penye omu 300 hedifoni zinapokea asilimia 71, pale penye 500 zinapokea asilimia 81. Hiyo ni desibeli 1 ya besi iliyoongezwa bila mtu kugusa kitu. Kwa kutamka ni ndogo, lakini imesambaa kwenye eneo lote analotembelea mpiga besi.

Kwenye rumba nililipenda badiliko hilo kuliko nilivyotarajia. Gitaa la besi lilijaa, na sebene lilipoanza, magitaa ya juu yalikuwa na kitu cha kukanyagia. Sauti za kike pia, hasa za karibu na maikrofoni. Kuna rekodi moja ya taarabu ninayoirudia sana: mwimbaji anavuta pumzi kabla ya ubeti wa pili, na kwenye vali pumzi ile niliisikia kama ya mtu aliyeketi mbele yangu. Lakini ubeti ukiisha, fidla zote na kanuni na kodiani vinaingia kwa pamoja, na hapo besi iliyovimba ilifunika nyuzi za chini za udi. Kwenye transista niliweza kuzifuata nota moja moja, hadi ile kwaruzo ndogo ya ukucha juu ya uzi. Kwa taarabu ya kundi kubwa, basi, nachagua kiboksi kisicho na sura.

Kosa langu kubwa lilifuata. Nilinunua HiFiMAN Sundara, hedifoni za utando bapa, omu 37, na kwa mapenzi yangu ya vali nikazichomeka kulekule. Ukinzani wa hedifoni za aina hii ni tambarare, kwa hiyo besi haikuongezeka wala kupungua. Kilichotokea ni kwamba kati ya volti zote, robo tu ndiyo iliyofika masikioni. Nikazidi kuzungusha kitufe. Hip hop ilipopiga ile besi ndefu ya chini, sauti ikaanza kukwaruza, kwa sababu vali zile zinatoa volti kwa wingi lakini haziwezi kusukuma mkondo mkubwa kwenye omu chache. Nilipozihamishia kwenye transista, ngoma ileile ilipiga na kukoma palepale inapotakiwa kukoma. Sijasikia besi iliyonyooka namna ile kwenye HD 650, kwa amplifaya yoyote.

Kanuni ninayoifuata sasa ni ya wazee wa fani: ukinzani wa kutolea sauti wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa Sundara hiyo ni omu 4 na kidogo. Kwa HD 650 ni 37, na ukiivunja kwa makusudi, kama ninavyofanya kwenye rumba, ujue unachonunua ni ladha.

Msidanganyike pia na omu peke yake. HiFiMAN HE-6 za zamani zina omu 50 tu, na mtu angesema ni nyepesi kuendesha, kumbe unyeti wake, yaani sauti zinayotoa kwa nguvu kidogo, ni desibeli 83.5 kwa miliwati. Ili zifike desibeli 110 zinahitaji karibu nusu wati. HD 650, za omu 300, zinafika hapo kwa miliwati 17 hivi. Someni namba zote mbili pamoja. Na kwa wanaotaka Beyerdynamic DT 880, hizo zimetengenezwa kwa omu 32, 250 na 600. Anayesikiliza kwa simu asichukue za 600 kwa sababu tu namba kubwa inapendeza.

Za kuingiza sikioni sina mengi ya kusema. Nilizijaribu kwenye amplifaya ya vali, nikasikia mvumo usiokoma kabla hata wimbo haujaanza. Ni nyeti mno, simu inazitosha.

Rafiki aliniachia Sennheiser HD 800 S kwa siku tatu. Nazo ni omu 300. Simfonia iliyonitia majuto mwanzoni niliisikiliza kwenye hizo kwa transista, na kwa mara ya kwanza nilijua wapiga chelo wamekaa upande gani na nyuma yao yuko nani. Nyimbo zilizobanwa sana sikuzipenda humo, kila “s” ya mwimbaji ilinichoma. Ningekuwa msikilizaji wa okestra tu ningeshaziagiza. Sivyo nilivyo; nusu ya maktaba yangu ni rumba na hip hop.

Onyo moja kwa waliopata amplifaya yenye nguvu: Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Nguvu ya ziada ni ya vilele vya sekunde moja, isiwe ya kukaa nayo juu mchana kutwa.

Kwa sasa mezani pangu Sundara zimekaa kwenye transista moja kwa moja, nazo ndizo za hip hop. HD 650 zinahama. Asubuhi zinakuwa kwenye transista na taarabu, usiku nawasha vali, nasubiri dakika kumi zipate moto, naweka rumba.