Nimenyooshwa ukuta wa pua, uzoefu wangu

Jamani kwa wale ambao tundu moja la pua limeziba miaka nenda miaka rudi na kila mtu anakwambia ni mafua tu, mimi nimefanya ile operesheni ya kunyoosha ukuta wa katikati, septoplasti, hapa Dar kwa daktari wa masikio pua na koo.

Langu lilikuwa la kushoto, toka nipigwe kiwiko kwenye mpira enzi za sekondari. Nalala mdomo wazi naamka koo kavu kama karatasi. Matone ya kufungua pua hayakuniishia kwenye mkoba, daktari alipoyaona akasema ukipitisha siku tano hivi dawa yenyewe ndo inaanza kuvimbisha pua, akaniachisha kwanza akanipa ya kupuliza ya steroidi nikae nayo, kisha ndo tuone kama kisu kinahitajika. Hapo nikamuamini. Baadae kikamera na siti skani vikaonyesha gegedu na mfupa vimelalia kushoto, na kulia vile vinyama vya pembeni vimenenepa kujaza nafasi. Hivyo alivipunguza tu, anasema ukivikata vyote pua inakuwa wazi lakini mtu anahisi hapati hewa, maana kazi yake ni kupasha joto na kulainisha hewa unayovuta.

Operesheni yenyewe sina la kusimulia, ni nusu kaputi. Wanapitia ndani, nje hakuna kovu na sura ni ileile, wifi yangu alitegemea pua mpya, pole yake.

Shughuli ni wiki ya kwanza. Maumivu ya kawaida, kuziba ndo kunatesa, kwa sababu ndani wanaacha vipande vya silikoni vimeshonwa, hupengi kamasi, chafya unapiga mdomo wazi, unalala umeegemea mito, hata pilau unaila haina ladha. Halafu meno ya mbele ya juu yakafa ganzi! Nauliza naambiwa kuna mshipa wa fahamu unapita pale chini ya ukuta, itarudi yenyewe. Kweli imerudi, ila mngenitajia mapema nisingekesha nayagusagusa kwa ulimi. Kwa madaktari wenyewe sina neno, kwa maelezo kabla ya operesheni hospitali naipa alama za chini kabisa.

Siku ya kutoa silikoni daktari alikata uzi akavuta na koleo, kikaja kidude kirefu kinateleza damu na kamasi, nikajiuliza kilikaa wapi chote hicho, nikavuta pumzi hewa ikaingia ya baridi mpaka machozi yakanitoka. Msishangilie lakini, kesho yake paliziba tena kwa uvimbe na magamba, nikawa nasafisha kwa maji ya chumvi (maji yachemshwe kwanza yapoe, sio ya bombani moja kwa moja). Kufunguka vizuri kumechukua miezi.

Sasa hivi napanda ngazi za ofisini mdomo umefungwa. Vumbi bado linanipigisha chafya maana aleji haitoki kwa kisu, ile ya kupuliza naendelea nayo. Kukoroma kumepungua ila nikilala chali mume wangu bado ananipiga kiwiko, daktari kasema hiyo inatoka kooni, nikapimwe usingizi kivyake.